Mikataba ya India, adhabu ya Queensland, tarehe ya 1920: sheria zetu zilipita njia gani?

Msomaji_wa_Vifungu aliuliza:

Wakuu, naomba ufafanuzi kutoka kwa wanaoijua historia ya sheria za Afrika Mashariki.

Ukiweka Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kando ya Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, vifungu vya 10, 23, 25 na 73 vinafanana karibu neno kwa neno. Ukifungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, India haionekani tena. Mpangilio ni mwingine, namba ni nyingine, hata mauaji yamefafanuliwa kivingine. Halafu kuna Sura ya 358, sheria ya mahakama na matumizi ya sheria, ile mawakili wanayoiita JALA, ambayo kifungu chake cha 2(3) kinataja sheria zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Kenya nao wana tarehe yao, 12 Agosti 1897.

Nauliza mambo matatu. Kwa nini wakoloni wale wale walileta sheria za sehemu tofauti? Tarehe hizo zinafanya kazi gani hasa? Na mtu mwenye hukumu ya India au ya Uingereza mkononi, anajuaje kama inamfaa au itamwangusha?

---

Karani_wa_Masijala alijibu:

Wengi wakiulizwa swali hili huanzia London. Anza na Unguja, utaelewa haraka zaidi.

Kabla ya ukoloni wenyewe, Uingereza ilikuwa na konseli (balozi mdogo) Unguja mwenye mamlaka juu ya raia wa Malkia peke yao. Raia hao walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa wafanyabiashara kutoka India: Banyani, Khoja, Mabohora. Kesi zao zilikuwa za hundi, ubia, mirathi na madeni ya pembe na karafuu. Konseli hakuwa na haja ya kuwatungia sheria mpya watu ambao tayari walikuwa chini ya sheria za Bombay. Akatumia hizo hizo, na rufaa kutoka mahakama yake zikaenda Mahakama Kuu ya Bombay.

Hifadhi ya Afrika Mashariki ilipotangazwa 1895, kiolezo kilikuwa tayari mezani. Amri ya 1897, ile iliyowaachia Wakenya tarehe yao, iliendeleza matumizi ya sheria za India. Tukumbuke pia kwamba makarani, mafundi wa reli na askari wengi waliletwa kutoka huko, na rupia ndiyo iliyokuwa fedha ya Kenya hadi 1920. Mfumo mzima uliletwa kwa jahazi moja.

Kulikuwa na sababu ya kiutendaji pia. Sheria za Uingereza zilikuwa zimetawanyika katika hukumu za karne nyingi. Bila maktaba na mawakili huwezi kuzitumia. India walikuwa wamezifupisha katika vitabu. Tume ya kutunga sheria za India, chini ya Thomas Macaulay, ilitoa rasimu ya Kanuni ya Adhabu 1837, ikapitishwa 1860 na kuanza kutumika 1 Januari 1862. Ushahidi na Mikataba zikafuata 1872, ile ya Ushahidi ikiwa kazi ya James Fitzjames Stephen. Kila kifungu kinaeleza kanuni, na vingi vina mifano chini yake: "A anamuuzia B farasi..." na kadhalika. Ofisa wa wilaya asiyesomea sheria aliweza kukitia kitabu hicho kwenye sanduku lake la safari na kuhukumu akiwa kambini. Kwa serikali isiyotaka kutumia fedha kwa majaji, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko falsafa yoyote.

Tanganyika ilifika kwa mlango wa nyuma. Wajerumani walikuwa na mfumo wao: Wazungu chini ya sheria na majaji wa Kijerumani, wenyeji chini ya maofisa wa wilaya, maliwali, maakida na majumbe, pasipo ukuta kati ya utawala na hukumu. Waingereza walipokabidhiwa nchi baada ya vita hawakuirithi mahakama ile. Mwaka huo huo wa 1920 walipitisha sheria fupi ya kuzitumia Sheria za India Tanganyika, kwa kuiga majirani. Kilichobaki cha Mjerumani ni ardhi. Amri yake ya 26 Novemba 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, na hati alizowapa walowezi ziliendelea kuheshimiwa hadi umiliki wa kudumu ulipogeuzwa kuwa upangaji wa serikali 1963.

Kuhusu jinai: walowezi wa Kizungu Kenya walilalamika kwa miaka kwamba wanashtakiwa kwa sheria ya India. Kelele zao zilikutana na hamu ya Ofisi ya Makoloni kuwa na kanuni moja kwa makoloni yote ya Afrika, ndipo 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zikapata kanuni mpya za adhabu zinazofanana. Asili yake ni kanuni ya Queensland, Australia, ya 1899, aliyoiandika Samuel Griffith. Ilipitia Nigeria ya Kaskazini 1904, kisha Nigeria nzima 1916, ndipo ikaja kwetu. Griffith mwenyewe alichota kwenye rasimu ya Kiingereza ya Stephen na kwenye kanuni ya Italia ya 1889. Ndiyo, yule yule Stephen wa Ushahidi wa India. Kwa hiyo mwizi wa kuku wa Dodoma anashtakiwa kwa maneno yaliyopita Roma, Brisbane na Lagos.

---

Hati_ya_Kiapo alijibu:

Karani amemaliza safari, mimi nichukue tarehe.

Kifungu cha 2(3) cha JALA kinapanga foleni. Kwanza sheria zilizoandikwa zinazotumika Tanzania. Zikiwa kimya, ndipo yanaingia mambo matatu kutoka Uingereza: kiini cha komoni loo (sheria iliyojengwa na hukumu za majaji), kanuni za ikwiti (zile za haki zilizolainisha ukali wa komoni loo), na sheria za Bunge la Uingereza zenye matumizi ya jumla zilizokuwa hai siku hiyo. Na vyote hivyo vinaingia kwa sharti: kadiri hali ya Tanzania na wakazi wake inavyoruhusu, pamoja na marekebisho ambayo hali ya mahali inayadai. Kifungu cha 3 cha sheria ya mahakama ya Kenya, Sura ya 8, kina umbo hilo hilo na tarehe yake ya 1897.

Ukitaka kujua kama sheria fulani ya Uingereza inakuhusu, ipitishe kwenye milango minne, tena kwa mpangilio huu. Angalia kwanza kama nchi yako imetunga sheria yake juu ya jambo hilo. Ikiwepo, simama hapo hapo. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: wananukuu sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa ya 1893 wakati Sura ya 214 ya Tanzania ipo. Kisha angalia tarehe. Sheria kubwa za mali za Uingereza za 1925 hazikuingia kwetu wala Kenya kwa njia hii, hata kama kitabu cha chuo kinazieleza kurasa mia. Sheria ya bima ya bahari ya 1906 iko katikati, imechelewa kwa Kenya lakini imewahi kwa Tanganyika. Kenya wakatunga yao 1968. Mlango wa tatu ni matumizi ya jumla. Sheria ya Uingereza iliyohusu mji mmoja, kanisa lao au ofisi yao fulani haihesabiki. Wa nne ni lile sharti la hali ya mahali.

Jambo linalosahaulika: sheria iliyopokelewa inaganda kama ilivyokuwa siku ile. Uingereza ikiifuta baadaye, kwetu haifutiki. Mfano bora ni wa Kenya. Sheria ya mali ya wanawake walioolewa ya 1882 iliwahi tarehe ya 1897, na 1971, katika kesi ya I dhidi ya I, Mahakama Kuu ya Kenya ilikubali kwamba ni sheria ya matumizi ya jumla. Kwa miaka zaidi ya 40 wanandoa wa Kenya waligawana nyumba kwa kifungu cha 17 cha sheria ya enzi za Victoria, mpaka Bunge lao lilipopitisha Sheria ya Mali ya Ndoa 2013 na kusema wazi kwamba ile ya 1882 haitumiki tena Kenya. Tanzania haikupita huko. Ilikuwa na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, na Mahakama ya Rufani katika Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Swali ni lile lile, watu ni majirani, ila mmoja alikuwa na sheria yake iliyoandikwa na mwingine hakuwa nayo.

---

Msomaji_wa_Vifungu:

Shukrani wakuu. Swali la nyongeza: tarehe inagandisha na komoni loo pia? Maana uzembe kama tunavyoujua leo umetokana na kesi ya konokono kwenye chupa ya soda, Donoghue dhidi ya Stevenson, 1932. Hiyo ni baada ya 1920, na tunaitumia kila siku.

---

Hati_ya_Kiapo alijibu:

Nadharia ya zamani ya majaji wa Uingereza ni kwamba jaji hatungi komoni loo, anaitangaza tu. Ukiifuata, hukumu ya 1932 inasema jinsi sheria ilivyokuwa siku zote, hata 1920. Ni kiinimacho, ila ni kiinimacho kinachofanya kazi. Soma pia sentensi yenyewe: maneno "zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe..." yamefungwa kwenye sheria za Bunge. Kiini cha komoni loo hakikutundikwa kwenye kalenda.

Kinachobadilika ni uzito. Hukumu ya Uingereza ya leo haiifungi mahakama yetu, inaishawishi tu. Kamba iliyokuwa inafunga ilikuwa Baraza la Mfalme kule London, yaani Privy Council, ambako rufaa zetu ziliishia. Tanganyika ilikata kamba hiyo 1962 ilipokuwa Jamhuri, Kenya 1964. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1902, ikaendelea hadi Jumuiya ilipovunjika 1977, na Tanzania Bara ikaunda Mahakama yake ya Rufani 1979. Kwa hiyo ukinukuu hukumu ya zamani, angalia mahakama na mwaka kwanza. Kuna watu wananukuu hukumu ya London ya 1975 kana kwamba ni amri.

---

Toa_48 alijibu:

Naona India imeachwa njiani, na ndiko kwenye mitego.

Mikataba kwanza. (Natumia namba za Toleo la 2019. Kama una toleo jipya zaidi, hakikisha namba kabla ya kunukuu.) Kifungu cha 1 hadi cha 75 cha Sura ya 345 kinakwenda sambamba na cha India, kwa hiyo kifungu cha 73 cha fidia ya kuvunja mkataba ni 73 kote kuwili. Baada ya hapo namba zinaachana. India ya 1872 ilikuwa na sura ya mauzo ya bidhaa, kifungu cha 76 hadi 123. Waliiondoa 1930 wakaifanya sheria ya peke yake, na wao wakaacha pengo. Tanganyika ilipotunga yake 1961, pengo likazibwa kwa kusogeza namba juu. Vifungu vilivyoondoka ni 48. Basi ukikutana na hukumu ya India inayotaja kifungu cha 124 na kuendelea, toa 48. Dhima ya kulipia hasara, 124 ya India, ni 76 yetu. Dhamana, 126, ni 78. Uwakala, 182, ni 134.

Lakini usidanganyike kwamba vile 75 vya mwanzo ni nakala tupu. Mwuliza swali hakukitaja kifungu cha 11, na amefanya vizuri. Cha India kinasema nani ana uwezo wa kufanya mkataba, kisha kinanyamaza juu ya mkataba wa asiye na uwezo. Privy Council ikajaza kimya hicho 1903, katika rufaa iliyotoka Kolkata, Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose: kijana aliyekuwa chini ya umri aliweka nyumba zake rehani, ikaamuliwa kwamba mkataba wake ni batili tangu mwanzo, si wa kubatilishwa tu. Waandishi wa 1961 walilichukua jibu hilo wakalitia ndani ya maandishi. Kwa hiyo Tanzania unanukuu kifungu chenyewe. Huhitaji kwenda Kolkata.

Kenya wao waliachana na India kwenye mikataba 1 Januari 1961, wakarudi kwenye komoni loo ya Uingereza kwa Sura yao ya 23. Ndiyo maana mwanafunzi wa Nairobi na wa Dar wakijadili mkataba wa mtoto wanabishana usiku kucha. Hawako kwenye sheria moja.

Mwenendo wa madai: Sura ya 33 ya 1966 ni mtoto wa kanuni ya India ya 1908. Kesi iliyokwisha kuamuliwa isirudiwe, India ni kifungu cha 11, Tanzania cha 9, Kenya cha 7. Zuio la muda, India ni Amri ya 39, Tanzania Amri ya 37. Hapa hakuna hesabu ya kutoa. Linganisha maneno mwenyewe.

Ushahidi ndio wa hatari. Kifungu cha 25 cha India kilipiga marufuku kabisa kukiri mbele ya polisi kutumiwa dhidi ya mshtakiwa. Watu wanakuja na hukumu nzuri za Delhi juu ya hilo, zinaangukia pua. Tanzania, kifungu cha 27 cha Sura ya 6 kinakubali maungamo mbele ya ofisa wa polisi yakiwa ya hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa upande wa mashtaka. Kenya, kifungu cha 25A kinataka yatolewe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo kilichowekwa na kifungu hicho, awe si yule anayepeleleza. Mzazi ni mmoja, watoto watatu hawafanani.

Na tangu 1 Julai 2024 India wenyewe wamezifuta Kanuni ya Adhabu ya 1860 na Sheria ya Ushahidi ya 1872, wakaweka mpya zenye namba mpya. Mikataba ya 1872 na mwenendo wa madai wa 1908 wamevibakiza. Hukumu zao za jinai za kuanzia sasa zitataja vifungu ambavyo havina mwenzake kwetu, hivyo chukua hoja, namba ziache.

---

Mgeni_wa_Forodhani alijibu:

Nyongeza ndogo kutoka pwani, maana humu kila mtu anazungumza kana kwamba sheria zilishuka kwenye ardhi tupu.

Mombasa, Lamu na Malindi zilikuwa na makadhi na maliwali kabla Mwingereza hajaja. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na mkataba wa 1895 uliwapa Waingereza kuuendesha, sio kuumiliki. Sheria za India zilipoingia zilipewa madai ya biashara na jinai. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu zikabaki kwa kadhi. Uhuru ulipokaribia, barua zilizobadilishwa Oktoba 1963 kati ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, ziliahidi makadhi watabaki. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 ndipo kilipo leo. Kisome kwa makini, kina masharti mawili yanayokwenda pamoja: wahusika wote wawe Waislamu, na wakubali mamlaka ya mahakama hiyo. Mmoja akikataa, kesi inakwenda kwingine. Malalamiko mengi ya "kadhi kaninyima haki" huanza kwa mtu kutolijua sharti la pili.

Na lile sharti la "hali ya mahali" alilolitaja Hati ya Kiapo limepata umaarufu wake kwa sababu ya daraja la Nyali. Si hili la zege la sasa, ni lile la kuelea, ambalo kampuni ilikuwa inatoza ushuru kila gari linalovuka kuingia na kutoka kisiwani. Serikali ikadai magari ya jeshi hayapaswi kulipa, kwa kutumia haki ambazo komoni loo inalipa Taji, yaani dola ya Uingereza. Swali likawa: haki hizo zimeingia Kenya kwa ukamilifu wake? Mwaka 1955 Jaji Denning, katika Mahakama ya Rufani ya Uingereza, akaifananisha komoni loo na mwaloni wa Kiingereza: huwezi kuuhamishia Afrika ukategemea ubaki na sifa zile zile, utastawi lakini unahitaji kutunzwa. Mawakili wetu wanalinukuu hilo hadi leo, wengi bila kujua kwamba chanzo chake ni nauli ya daraja.

---

Mwana_Kivu alijibu:

Habari zenu kutoka upande wa pili wa ziwa. Huku hakuna tarehe ya mapokezi, na kulinganisha kunasaidia.

Kongo haikupokea hukumu za majaji, ilipokea kanuni iliyoandikwa. Agizo la 14 Mei 1886 lilisema pale ambapo amri hazijasema kitu, zitumike mila za mahali na misingi ya jumla ya sheria na haki. Baada ya hapo kukaja vitabu. Mikataba na wajibu ni amri ya 30 Julai 1888, ambayo hadi sasa tunaiita Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Madai. Kifungu chake cha 258, anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake ailipe, ni kile cha 1382 cha Napoleon, 1804, kilichopitia Ubelgiji. Huko nyuma zaidi ni mafundisho ya Kirumi yaliyokusanywa Konstantinopoli chini ya Justinian, Digesta ikitoka 533. Kwa hiyo ajali ya pikipiki Goma inapimwa kwa kifungu kimoja cha mistari miwili, wakati Kigoma inapimwa kwa mlolongo wa hukumu, akiwemo huyo konokono.

Tofauti inaonekana hata kwenye hukumu yenyewe. Hakimu wa kwetu huandika kifungu kwanza, kisha ukweli, kisha tamko. Hukumu za zamani ni za kuonyesha mahakama inaelekea wapi, si za kufunga. Wakili wa Tanzania akija Bukavu na rundo la hukumu atasikilizwa kwa adabu, kisha ataulizwa: kifungu gani?

Nanyi mna India, sisi tuna Ufaransa: 2016 walizihamisha namba zao, 1382 ikawa 1240. Vitabu vipya kutoka Paris havioani tena na 258 yetu kwa namba, ingawa maneno yenyewe karibu ni yale yale.

Rwanda ndio waliochukua njia ya peke yao. Walikuwa ndani ya mfumo huu wa Ubelgiji, wakaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007 na Jumuiya ya Madola 2009, wakaanza kuchanganya na komoni loo. Halafu 2019 wakapitisha sheria ya kufuta kwa mkupuo maandiko yote ya kisheria yaliyoanza kutumika kabla ya uhuru wao wa 1 Julai 1962. Kongo haijathubutu, na ukiangalia ni mikataba mingapi imesimama juu ya amri ya 1888 utaelewa kwa nini.

---

Karani_wa_Masijala alijibu:

Mwana Kivu umenikumbusha mila, ambazo tumeziruka.

Waingereza waliziruhusu kwa sharti kwamba zisiwe kinyume cha haki na maadili. Maadili ya nani? Jibu lilikuja 1938 katika Gwao bin Kilimo dhidi ya Kisunda bin Ifuti. Mtoto alikuwa na deni, ng'ombe wa baba yake wakakamatwa kulilipa, ikadaiwa kuwa mila ya Wanyaturu inaruhusu. Jaji Wilson akasema kipimo ni fikra za Kiingereza za haki, na mila ya kumlipisha baba kosa la mwanawe mtu mzima ikaanguka. Unaweza kuukubali mwisho wa kesi ile bila kukikubali kipimo chake.

Baada ya uhuru Tanganyika ilifanya jambo ambalo majirani hawakulifanya: iliziandika mila. Kwa kazi iliyoongozwa na Hans Cory zikatoka Tangazo la Serikali Na. 279 la 1963, juu ya mambo ya watu na ndoa, na Na. 436 la mwaka huo huo, juu ya urithi, ulezi na wosia. Faida yake ni kwamba wazee hawaitwi tena kila kesi kuthibitisha mila. Hasara yake ni kwamba mila iliyoandikwa haikui, imeganda kama ile sheria ya 1882 ya Kenya. Kanuni ya 20 ya urithi ilimzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo. Alikuwa na haki ya kulitumia maisha yake tu. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliliuza lake kwa sh. 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, mpwa wake akamshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mwanza, aliipima kanuni hiyo kwa Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa kwenye Katiba 1984, akasema mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Kipimo cha sasa ni Katiba, si fikra za Jaji Wilson. Anayeandika hoja ya mila leo akaanzia na Gwao peke yake ameacha nusu ya sheria.

---

Msomaji_wa_Vifungu:

Nimeelewa. Nijaribu moja, mnisahihishe. Nina hukumu ya India: benki na mkopaji walibadilisha masharti ya mkopo bila mdhamini kujua, mahakama ikamwachia mdhamini kwa kifungu cha 133. Mkopo wangu wa mfano ni wa Arusha.

---

Toa_48 alijibu:

133 toa 48 ni 85. Fungua kifungu cha 85 cha Sura ya 345 na usome maneno yake kando ya yale ya India kabla ya kuamini hesabu yangu. Yakilingana, hukumu ile ina uzito wa kushawishi, kwa hiyo tafuta kwanza ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania juu ya kifungu hicho hicho, ya India ije nyuma yake. Halafu soma hati ya dhamana yenyewe. Fomu nyingi za benki zina aya inayosema mdhamini amekubali mapema mabadiliko yoyote ya masharti, na ikiwepo, hoja ya 85 inakuwa dhaifu sana. Anza na hati, maana ndiyo wakili wa benki atakayoanza nayo.

Mkopo ungekuwa wa Arusha lakini hati imesema itatafsiriwa kwa sheria za Kenya, usitoe 48. Kule hakuna kifungu cha kutolea.